Neno "Patronise": Tusifanywe Watoto Kazini

Ndugu wafanyakazi,

Katika mazungumzo na waajiri kuna neno moja la Kiingereza linalosikika mara kwa mara: "patronise". Wawakilishi wetu huliweka katika barua za malalamiko, na baadhi ya wanachama wametuuliza maana yake. Ni swali jema, kwa kuwa mtu asiyeweza kulitaja jambo hupata taabu kulishtaki.

Neno hili lina maana mbili. Ya kwanza haina ubaya: mwenye duka hulitumia kuwashukuru wateja kwa kununua kwake. Maana ya pili ndiyo inayotuhusu sisi. Ni kumtendea mtu mzima kana kwamba ni mtoto, kwa upole na tabasamu, huku ukijiweka juu yake. Hapana tusi la wazi ndani yake, na ndiyo sababu ni vigumu kulikamata. Msimamizi akimwita mzee wa miaka hamsini "boi", akiwaita akina mama wachuma chai "wasichana wangu", au akijibu swali la mshahara kwa kumpigapiga mtu begani, hapo neno hilo liko mahali pake.

Kiswahili kina maneno ya jirani. Tunajua masimango, na tunajua kumsimbulia mtu kwa wema uliomtendea. Lakini hayo huja baada ya mtu kupewa. Dharau ya "patronise" imo katika kule kutoa kwenyewe.

Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya baba. Kutoka hapo likapatikana neno la bwana anayewalinda walio chini yake, na Wafaransa wakapata "patron". Ndugu zetu wa Kongo hata leo humwita mwajiri patroni, na historia yao inaonyesha vizuri ubaba wa namna hii. Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière, iliyochimba shaba Katanga, iliwajengea wafanyakazi nyumba, hospitali na shule, ikawapa na posho ya chakula. Lakini wafanyakazi Waafrika hawakuruhusiwa kuwa na chama chao. Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei za vitu, waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, mji unaoitwa sasa Lubumbashi. Askari wa serikali ya kikoloni wakawapiga risasi, na makumi ya watu wakafa. Baba yule alikuwa na hospitali, lakini hakuwa na masikio.

Hatusemi kwamba kila hisani ya mwajiri ni dharau. Zahanati ni kitu kizuri, na sabuni ya Krismasi haikataliwi. Tunasema tupime kwa maswali matatu. Je, tuliulizwa? Je, imeandikwa katika mkataba? Je, tukidai haki nyingine, itaondolewa? Kitu kinachoondolewa siku mfanyakazi anapofungua mdomo hakikuwa haki yake. Kilikuwa kamba shingoni.

Hapa Uganda, Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, haki ya majadiliano ya pamoja, na haki ya kugoma kwa kufuata sheria. Hayo hayakuandikwa kwa ajili ya watoto. Basi mwajiri akisema, "Niachieni mimi, najua yanayowafaa," tumjibu kwa heshima: "Tunashukuru, bwana. Sasa tuyaandike, tutie sahihi pande zote mbili."

Na viongozi wa matawi nao wajitazame. Anayemwambia mwanachama, "Wewe lipa ada tu, mambo mengine utayasikia," amekalia kiti kile kile cha baba. Anayeendesha mkutano kwa Kiingereza mbele ya watu waliokuja kusikia Kiswahili, naye amekikalia. Chama hakina watoto. Kina wanachama, na kila mwanachama ana kura moja.

Ndugu, tusigombane kwa sababu ya neno. Tulitumie pale linapostahili, kwa sauti ya utulivu, kisha tudai kilichofichwa nyuma ya tabasamu.

Umoja ni nguvu!