Jina la Chuo Halifundishi

Imezuka tabia katika nchi yetu ya kutaja jina la chuo kana kwamba ni hirizi. Kijana akisema anakwenda Harvard, mazungumzo hukoma, watu hutikisa vichwa kwa heshima, na hakuna anayethubutu kuuliza atafundishwa nini, kwa njia gani, na akirudi atakuwa ameongezewa kitu gani ambacho hakwenda nacho. Mimi nauliza. Sikusoma Harvard, wala sikupata kusimamia biashara kubwa kuliko duka la ushirika la shule. Nilisomea ualimu, nikashika chaki, nikawa mwalimu mkuu hadi nilipostaafu. Lakini chuo cha ualimu kilinipa mizani moja: kuingia darasani, kuketi nyuma na daftari, na kupambanua kama linalofanyika pale ni mafundisho au ni maonyesho. Mizani haichagui mzigo. Iliyopima darasa la nne la kijijini yaweza kupima na darasa la wakubwa.

Mzigo nitakaoupima ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ambayo kila mtu huiita MBA, inayosomwa kwa miaka miwili, mwanafunzi akiwa ameacha kazi, katika Shule ya Biashara ya Harvard huko Boston, Marekani. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1908, nayo ndiyo iliyotangulia kutoa shahada yenye jina hilo. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza vijana wetu wanapoota, na kwa sababu katika ukoo wangu ndoto hiyo imekwisha kuletwa barazani. Mpwa wangu, mwenye miaka mitano ya kazi katika benki, anataka kuomba nafasi. Baba yake yuko tayari kuuza sehemu ya kihamba alichoachiwa na wazee wake. Nilipoanza kuuliza maswali, aliniambia, "Shemeji Mwalimu, hapo jina peke yake linatosha." Insha hii ni jibu langu kwake, na kwa kila mzazi anayefikiri kama yeye.

Tuanze na bei, maana mwenye kuuza shamba hana budi kujua anachonunua. Katika mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025, ada peke yake ilikuwa dola 76,410, yaani karibu shilingi milioni 200 za Tanzania. Ukiongeza chumba, chakula, bima na vitabu, mwaka mmoja unapita dola 110,000. Zidisha mara mbili. Kisha ongeza mishahara ya miaka miwili ambayo kijana hataipata kwa kuwa ameacha kazi. Hesabu hii ya mwisho wazazi huisahau, ingawa hata mama muuza maandazi anajua kwamba siku ya kufunga genge ni gharama. Ni kweli kwamba karibu nusu ya wanafunzi hupunguziwa ada, na msaada huo hutolewa kwa kuangalia hali ya mfuko, si alama. Basi swali la kwanza la shemeji yangu lingekuwa, "Mtanipunguzia kiasi gani?" Badala yake amekimbilia kumtafuta mnunuzi wa kihamba.

Sasa tuingie darasani. Hapa nitasema haki, kwa sababu mkaguzi mwenye chuki hafai kushika daftari. Wanafunzi wapatao 90 huketi katika nusu duara lenye ngazi, kila mmoja na jina lake mbele yake. Usiku wamesoma kisa cha kampuni halisi: meneja fulani amekwama, hesabu zake hizi hapa, aamue nini? Mwalimu haanzi kwa kuhutubia. Humchagua mtu mmoja bila taarifa na kumwambia afungue somo. Wengine humpinga, mwalimu huandika ubaoni na kuchokoza kwa maswali. Katika masomo mengi karibu nusu ya alama hutokana na hayo mazungumzo. Kwa miaka miwili mwanafunzi hupitia visa vipatavyo 500. Hakika haya ni mafundisho mema. Mwanafunzi hawezi kulala, hawezi kunakili, na hujifunza kuamua wakati habari hazijatimia. Ningependa kila mkufunzi wa vyuo vyetu alione darasa kama hilo, kisha atupe yale madaftari ya kuimlia yaliyokwisha kuwa manjano.

Lakini tazama vizuri ni nini kinachofundisha pale. Ni kisa kilichoandikwa vyema, swali zuri, maandalizi ya usiku, na darasa lisiloogopa kubishana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji jina. Njia yenyewe ilianzia kwa wanasheria wa chuo kikuu hicho hicho mnamo miaka ya 1870. Visa vya Harvard huuzwa, na vyuo vingine duniani huvinunua na kuvifundishia. Kwa hiyo sehemu bora ya elimu ile ndiyo sehemu rahisi kuipata kwingine, na sehemu ghali ndiyo isiyofundisha kitu.

Tena njia hiyo ina upungufu ambao mwalimu yeyote aliyepitia mazoezi ya kufundisha atautambua. Sisi hatukupewa cheti kwa kujadili masomo ya watu wengine. Tulipelekwa shuleni na andalio la somo mkononi, tukasimama mbele ya watoto 50, tukatetemeka, na mkufunzi akaketi nyuma akiandika makosa yetu. Profesa Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitoa kitabu kizima mwaka 2004 akidai kwamba huwezi kumfanya mtu kuwa meneja kwa kumkalisha darasani. Harvard wenyewe waliliona pengo hilo, wakaongeza tangu mwaka 2011 kazi za vitendo katika nchi mbalimbali. Hata hivyo ni kijiko kando ya pipa. Mtu aliyezungumzia kampuni 500 ambazo hakupata kuingia hata moja anaweza kutoka na ulimi mwepesi kuliko mkono.

Mtaniuliza, kama mambo ni hayo, mbona shule hizi zinatangazwa kuwa bora duniani? Jibu ni kwamba watangazaji hawapimi mafundisho. Gazeti la Financial Times la London, ambalo limekuwa likipanga shule za biashara kwa nafasi tangu mwaka 1999, huupa mshahara wa wahitimu, na jinsi ulivyoongezeka, karibu theluthi ya alama zote. Sasa fikiri. Shule inapokea maombi ya maelfu, inachagua kama 900 ambao tayari ni hodari, wengi wao wametoka katika makampuni yanayolipa vizuri. Baada ya miaka michache tunashangaa kwamba wanalipwa vizuri! Kila mwalimu mkuu anaijua siri hii: shule ikiruhusiwa kuchagua watoto, hata mwalimu mvivu ataonekana shujaa. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, maana haikuwa haki kupambanisha shule zenye mazingira tofauti. Tumeikataa mizani hiyo kwa watoto wetu wa sekondari, kisha tunaipigia magoti ikitoka Ulaya.

Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, programu ya MBA iliyofundishwa kwa intaneti iliwekwa nafasi ya kwanza nchini Marekani miaka kadhaa mfululizo. Baadaye iligundulika kwamba chuo kilidai wanafunzi wote wapya wamefanya mtihani wa kujiunga, kumbe waliofanya walikuwa kama mmoja kati ya watano. Mkuu wa shule hiyo ya biashara alipatikana na hatia mwaka 2021 na kuhukumiwa kifungo mwaka 2022. Sisemi kwamba Harvard hufanya hivyo. Nasema kwamba nafasi ya kwanza katika orodha haiwezi kuchukua mahali pa daftari la mkaguzi.

Wapo wanaosema mti hujulikana kwa matunda, wakamtaja Michael Bloomberg, aliyehitimu mwaka 1966 akawa tajiri mkubwa na meya wa New York. Vyema. Lakini kapu ni moja. Jeffrey Skilling alihitimu mwaka 1979 akiwa miongoni mwa wachache walio bora darasani, akaiongoza kampuni ya Enron, iliyofilisika Desemba 2001 kwa udanganyifu wa hesabu, naye akahukumiwa kifungo mwaka 2006. Robert McNamara alihitimu mwaka 1939 na kurudi kufundisha pale pale. Akiwa waziri wa ulinzi wa Marekani aliipima vita ya Vietnam kwa takwimu, pamoja na hesabu ya maiti, na katika kitabu chake cha mwaka 1995 akakiri kwamba walikosea. Mtu huyo huyo, akiwa rais wa Benki ya Dunia, alisimama Nairobi mwaka 1973 akahimiza dunia iwakumbuke maskini wa vijijini. Je, chuo kidai Nairobi na kuikana Vietnam? Tunda moja moja halitoi ushahidi, liwe tamu au chungu.

Kuna jambo moja la shule ile ambalo nalisifu bila masharti: haipendi kumchukua mtu ambaye hajafanya kazi. Wengi huingia wakiwa na uzoefu wa miaka minne au mitano. Ndugu msomaji, je, hili ni geni kwetu? Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza, apendekezwe, ndipo aingie chuo kikuu. Wasomi wetu walilalamika, sharti likalegezwa, hatimaye likaachwa. Leo tukiliona Boston tunaliita hekima. Kama lilikuwa na dosari, tungezirekebisha. Tulilitupa kwa sababu lilikuwa letu.

Najua silaha ya mwisho ya shemeji yangu. Atasema, "Mwalimu, wewe unazungumzia darasa, sisi tunazungumzia milango. Pale mtoto atajuana na wakubwa." Hoja hii ni ya kweli, tena ndiyo hoja ya kweli kuliko zote zinazotolewa. Lakini tuiite kwa jina lake: huko ni kununua marafiki, si kununua elimu, na marafiki wa kununua hawana dhamana. Katika wahitimu wa Harvard wa mwaka 2024 waliokuwa wakitafuta kazi, asilimia 23 walikuwa bado wanatafuta miezi mitatu baada ya kumaliza. Na hao walikuwa na jina, walikuwa na marafiki, na wengi walikuwa nyumbani kwao, si wageni wanaohesabu siku za kibali cha kuishi. Milango hiyo iko huko. Kijana anayetaka kusimamia kiwanda cha kahawa Moshi atafunguliwa mlango gani na mtu aliyeketi naye Boston?

Simzuii mpwa wangu. Akiomba na akachaguliwa, akapunguziwa ada kubwa, na akajua anachofuata ni lile darasa la visa na ubishi wa kweli, aende, nami nitamwombea dua njema. Lakini kwanza aandike kwa mkono wake majibu ya maswali manne. Ni kazi gani ninayotaka kuifanya ambayo leo siiwezi? Somo gani pale litaniwezesha? Je, somo hilo silipati Dar es Salaam au Nairobi huku nikiendelea na mshahara wangu? Na nisipopata ile kazi ya ndoto, deni litalipwa na nani? Asiyeweza kuyajibu hayo hajawa tayari kwa shule yoyote ya biashara, kwa kuwa hayo ndiyo biashara yenyewe.

Kihamba kisiuzwe. Kimesomesha vizazi vitatu kwa ndizi na kahawa, na wazee wetu wamezikwa humo. Kijana akifeli anaweza kujaribu tena mwakani. Ardhi ikishaandikwa jina la mtu mwingine, haina mtihani wa marudio.