Taa za gari, erthi, na ugonjwa wa kubahatisha

Leo sizungumzii kompyuta. Kwa wiki tatu nimekuwa nikihangaika na taa za mbele za gari langu, na mwisho wa safari nimejifunza upya jambo ambalo nilidhani nalijua tangu nilipoanza kuandika programu. Kwa hiyo hata asiye na gari asome tu, linamhusu.

Gari lenyewe ni saluni ya Kijapani ya mwaka 1993. Msicheke. Kanuni ya Kenya, ile KS 1515, hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, lakini likishaingia litazeekea hapa hapa. Pita hapa Kerugoya siku yoyote utayaona magari ya miaka ya 90 yakipanda na kushuka vilima kama kawaida. Injini zake ni ngumu. Kinachozeeka kimya kimya ni waya.

Tatizo lilianza hivi: taa zote mbili zilififia, zikawa na rangi ya chungwa kama mshumaa. Nikiweka fulu zinafifia zaidi. Mchana hulioni tatizo hilo. Nililiona usiku mmoja nikitoka Karatina, nilipofika karibu na Kagumo. Kulikuwa na ukungu na manyunyu. Mama mmoja alikuwa akitembea kando ya lami na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, na mimi nilimwona akiwa tayari yuko ubavuni mwa gari. Sikumgusa, namshukuru Mungu. Lakini niliegesha mbele kidogo nikakaa hapo dakika kumi mikono ikitetemeka. Barabara zetu hizi zina watu wa miguu, punda na baiskeli zisizo na taa. Taa mbovu huku si suala la urembo.

Kesho yake nikaenda gereji. Fundi wa kwanza akabadilisha balbu. Zikawaka vile vile. Wa pili akabadilisha fyuzi na rilei. Vile vile. Wa tatu akasema ni alteneta, ninunue nyingine. Kuna rafiki akanishauri niweke balbu za wati 100 "zimulike vizuri", na mwingine akaniambia nitupe zote niweke za LED. Kila mmoja alikuwa na dawa, na hakuna aliyekuwa amepima mgonjwa.

Hapo ndipo nilipojiona mimi mwenyewe. Mara ngapi mteja amenipigia simu kwamba mfumo uko polepole, nami nikamjibu "ongeza memori" kabla hata sijafungua faili moja? Hiyo ni balbu mpya kwenye waya wenye kutu.

Tusiwalaumu mafundi haraka, maana walikuwa na testa, ile ya taa ndogo. Waliigusisha kwenye soketi ya balbu, ikawaka, wakasema umeme umefika. Ni kweli ulikuwa umefika. Shida ni kwamba testa ile hula umeme kidogo mno, wakati balbu ya H4 ina wati 55 kwa dimu na 60 kwa fulu. Balbu mbili za dimu zinavuta karibu ampea 8 au 9. Waya uliobaki na uzi mmoja mzima unaweza kuwasha testa bila taabu, lakini ukiubebesha ampea 8 unakwama. Hata ukitumia mita, ukichomoa balbu na kupima soketi tupu utapata volti 12 na ushee, utaridhika, na utakuwa umedanganywa. Pasipo mzigo, waya mbovu na waya mzima husoma sawasawa.

Waandishi wa programu mmeshaelewa. Ni ile programu inayokwenda vizuri kwenye mashine yako, mtumiaji akiwa mmoja, kisha inaanguka siku watu mia wanapoingia kwa pamoja. Hitilafu ya mzigo hutafutwa mzigo ukiwepo.

Basi Jumamosi moja nikakaa na kijana mmoja fundi wa umeme wa magari, mimi na mita yangu ya bei rahisi, yeye na uzoefu wake. Tukawasha injini, tukawasha taa, tukaacha balbu mahali pake, tukapima kwa nyuma ya soketi. Betri ilisoma volti 13.9. Kwenye balbu yenyewe, 10.7 tu. Volti 3.2 zimepotelea njiani. Msidhani ni kidogo: mwanga wa balbu za halojeni haupungui sawa na volti, unaporomoka. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa naendesha na karibu nusu ya mwanga ninaostahili.

Hatua ya pili ni kugawa njia katikati. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya balbu, taa zikiwa zinawaka. Unachosoma ni volti zinazopotea upande wa kwenda. Tulipata 0.4. Si mbaya kwa gari la umri huo. Kisha ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya unaotoka kwenye balbu. Volti 2.8. Mwizi ameonekana: yuko upande wa kurudi.

Hapa kuna jambo la kujua. Watu wengi hufikiri swichi hukata umeme unaokwenda kwenye taa. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ile hayakufungwa hivyo. Chanya inafika moja kwa moja kwenye balbu kupitia fyuzi na rilei, halafu swichi ya dimu na fulu, ile iliyo kwenye usukani, inakaa upande wa kurudi, kabla ya erthi. Kwa hiyo umeme wa taa zote mbili unaingia ndani ya gari, unapita kwenye swichi, kisha unashuka kwenye bolti moja iliyofungwa kwenye bodi. Bolti hiyo ikiumwa, taa zote mbili zinaumwa pamoja. Na ukiweka fulu, balbu inataka umeme zaidi, bolti inazuia zaidi. Dalili zote zilikuwa zinasema hivyo tangu siku ya kwanza.

Tukafuata waya hadi chini ya dashibodi, upande wa miguu. Zulia lilikuwa na unyevu. Raba ya kioo cha mbele ilikuwa inavuja, na kwa mvua zetu hizi za Machi hadi Mei maji yalikuwa yakitiririka taratibu hadi pale. Bolti ilikuwa imeshika kutu, ukiigusa ina joto. Joto hilo ndilo mwanga wangu: zaidi ya wati 20 zilikuwa zinapasha moto kipande cha chuma badala ya kumulika barabara.

Msasa, bolti mpya, kichwa kipya cha waya, grisi kidogo juu yake kuzuia maji. Nusu saa. Tukapima tena: upande wa kurudi 0.2. Taa zikawaka nyeupe kama siku gari lilipotoka melini. Raba ya kioo nayo nikaibadilisha, la sivyo tungerudi pale pale baada ya masika mawili.

Na zile dawa nyingine? Balbu za wati 100 zingevuta umeme mwingi zaidi kupitia bolti ile ile mbovu, na kuzipasha moto waya na swichi ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. LED kwenye taa iliyochongwa kwa balbu ya halojeni mara nyingi hutawanya mwanga ovyo, wewe ukajiona mfalme na anayekuja mbele yako akapofuka. Alteneta ilikuwa nzima, ile 13.9 ilishatuambia.

Sasa nifike kwenye neno langu. Tulipomaliza nikamuuliza yule kijana anidai ngapi. Akajikuna kichwa. "Sasa bosi, nikulipishe nini na hakuna kitu nimebadilisha?" Nipe ya chai tu, akasema.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Wale watatu wa kwanza walilipwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na boksi la spea mkononi. Huyu aliyepata ugonjwa anaona haya kudai. Na sisi wateja ndio tuliowafundisha hivyo. Tunalipia kitu, hatulipii kufikiri. Tukimkuta fundi anapima kwa saa nzima tunasema anapoteza muda, akibadilisha tu tunasema anajua kazi. Halafu tunashangaa kwamba kila mtu anabahatisha. Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo: mteja atatoa pesa ya seva mpya leo leo, lakini mwambie unahitaji siku mbili kutafuta chanzo, utaona uso unavyobadilika.

Nilimlipa kijana kiasi sawa na nilichomlipa yule wa rilei, nikamwambia ni ada ya kupima. Nanyi ombi langu ni moja. Mkipeleka gari, simu au kompyuta kwa fundi, swali la kwanza lisiwe "spea ni bei gani". Mwulizeni: umepima nini, na umepata ngapi? Na mkubali kulipia jibu.

Haya, kwa leo naishia hapa. Wenye magari ya zamani, inueni zulia mguse, muone kama limelowa.