Hesabu ya Mtoto wa Masimba

Mtoto wa Masimba anayehesabu kwa Ekegusii haiiti sita kwa jina lake pekee. Husema tano na moja. Saba ni tano na mbili. Kujumlisha kumo ndani ya nambari zenyewe, hazina ambayo shule haijaigusa. Sera ya elimu yaelekeza afunzwe kwa lugha ya eneo lake hadi Gredi ya 3. Kisha Kiingereza hushika hatamu. KCPE ilifikia kikomo mwaka 2023, ila KPSEA, iliyoanza 2022, nayo humtahini hisabati kwa Kiingereza, achague jibu moja kati ya manne. Akikosea, mtahini atajuaje kilichomshinda ni hesabu au ni sentensi? Mwalimu na amwulize kwanza kwa mdomo, kwa Ekegusii, maharagwe yakiwa mezani.