Hiyo "Niko Sawa" Yenu Itamkosesha Anti Haki Yake

Wasee, tuache hii ujinga ya kujibu "niko sawa" kila mahali.

Anti yako Marekani ameumia mgongo akiinua wagonjwa, kazi imemshinda. Ameomba pesa za ulemavu za Social Security, akakataliwa, akakata rufaa kabla siku 60 ziishe. Sasa jaji atamsikiza kwa simu. Na nyinyi huku mnamwambia nini? "Jikaze, usilalamike." Aibu!

Jaji haoni vile anashika ukuta akisimama. Ana faili na sauti tu. Akiuliza mgongo uko aje na Anti ajibu "tunashukuru Mungu," hiyo shukrani ndiyo inarekodiwa.

Na hizo pesa si sadaka. Miaka yote amekatwa mshahara kwa sababu ya siku kama hii.

Basi mpigieni mapema, na si kuomba nauli. Mfanyisheni mazoezi: anasimama dakika ngapi kabla uchungu uanze? Anabeba mzigo gani? Siku mbaya ni ngapi kwa wiki? Aseme ukweli bila kuongeza chumvi, maana ataapishwa. Karatasi za daktari zitumwe angalau siku 5 za kazi kabla. Kama Kiingereza kinamsumbua, aitishe mkalimani, ni bure. Simu iwe na chaji, mlango ufungwe.

Alilipa karo zenu bila kuuliza maswali. Kama kumuuliza haya machache ni kazi kwenu, msijiite familia.