Ujerumani huchuja watoto mapema, Ufini husubiri

Kama una mtoto wa miaka 10 hapo nyumbani, hebu mtazame kidogo. Labda sasa hivi anagombania rimoti na dadake, ama ameficha daftari la hesabu chini ya mto. Je, unaweza kuapa leo kwamba huyo atakuwa daktari, karani au fundi wa magari?

Huko Ujerumani swali hilo si la mzaha. Mtoto huanza shule akiwa na umri wa miaka 6 hivi, akasoma shule ya msingi kwa miaka minne tu, kisha njia zikagawanyika. Ni katika majimbo ya Berlin na Brandenburg pekee ambako shule ya msingi huchukua miaka 6. Wenye vichwa vyepesi huelekezwa Gymnasium, shule inayomwandaa kijana kwa mtihani wa Abitur na hatimaye chuo kikuu. Wa katikati huenda Realschule. Waliobaki huenda Hauptschule, ambayo majimbo mengi yameibadilisha jina au kuiunganisha na nyingine. Zipo pia shule zinazochanganya wote, lakini hazijaiondoa Gymnasium.

Jimbo la Bavaria halina mchezo. Alama bora ni 1 na mbaya kabisa ni 6. Mtoto wa darasa la 4 hujumlishiwa alama za Kijerumani, hesabu na somo la mazingira. Wastani wake ukiwa 2.33 au bora kuliko hapo, mlango wa Gymnasium u wazi. Kwa Realschule ni 2.66. Akikosa, kuna masomo ya majaribio ambako anaweza kujitetea. Cheti chenyewe hutolewa mwezi Mei, na usishangae kusikia kwamba miezi inayotangulia wazazi huwa roho juu. Katika majimbo mengine mengi mzazi ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Sasa tuvuke bahari ya Baltiki hadi Ufini. Huko mtoto huingia darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7, na kwa miaka 9 mtoto wa waziri na wa mfagiaji husoma shule ya aina moja. Katika miaka hiyo yote hakuna mtihani wa taifa. Ni akifikisha miaka 15 au 16 ndipo kijana huchagua kati ya shule ya upili na chuo cha ufundi. Kumbe hata Wafini walikuwa wakiwachuja watoto wadogo kama Wajerumani! Waliacha kati ya mwaka 1972 na 1977, wakianzia wilaya za kaskazini.

Je, maisha ya kila siku ya matineja hawa yakoje? Yule wa Ujerumani huwa darasani kabla au ifikapo saa mbili asubuhi. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kurudi nyumbani saa saba kula chakula cha mchana, ingawa siku hizi shule za kutwa nzima zimeongezeka. Jioni huenda kwenye klabu ya mtaani kucheza kandanda au kupiga ala. Mwalimu ni Herr fulani au Frau fulani, kwa heshima zote. Akifika miaka 16, sheria inamruhusu kununua bia. Ndiyo, umesoma vizuri!

Mfini naye humwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, na hakuna anayemwona mtovu wa adabu. Chakula cha mchana hupewa bure shuleni, na hivyo ndivyo imekuwa kote nchini tangu mwaka 1948. Wakati wa majira ya baridi kunapokuwa na giza asubuhi na jioni, hutembea na kidude kinachong'aa kwenye koti ili madereva wamwone. Bia hainunui mpaka atimize miaka 18. Likizo ya kiangazi ni kama wiki 10, na mwenzake wa Ujerumani hupata 6.

Ni nani amefaulu zaidi? Matokeo ya kwanza ya majaribio ya kimataifa ya PISA yalipotangazwa Desemba 2001, Ufini iliongoza katika kusoma, nayo Ujerumani ikajikuta chini ya wastani. Kilichowauma Wajerumani zaidi ni kuonekana kwamba alama za mtoto zilifuata sana mfuko wa wazazi wake. Lakini tusiwavishe Wafini kilemba cha ukoka. Alama zao za hesabu zimeshuka tangu mwaka 2006, na kufikia mwaka 2022 walikuwa na 484 dhidi ya 475 za Ujerumani.

Tena Mjerumani aliyekosa Gymnasium hakutupwa jaani. Anaweza kuajiriwa kama mwanagenzi, siku kadhaa kiwandani na nyingine chuoni, huku akilipwa. Akifikia cheo cha fundi mkuu, tangu mwaka 2009 anaruhusiwa kuingia chuo kikuu.

Hapa kwetu tulizoea mchujo wa KCPE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na ya mwisho mwaka 2023. Sasa mtoto huchagua mkondo anapoelekea Gredi ya 10, umri uleule wa Mfini. Wewe mwanafunzi, chagua kwa kujijua, si kwa kumfuata rafiki. Nawe mzazi, kabla hujamwita mwanao mjinga kwa sababu ya alama za muhula mmoja, kumbuka ulivyokuwa wewe ukiwa na miaka 10. Kutangulia si kufika.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.