Shabana, kabla ya kusajili tuambieni nani anaondoka

Ukitaka kujua matokeo ya Shabana na simu imezima chaji, nenda steji ya Mosocho Jumatatu asubuhi. Timu ikishinda, konda anakurudishia chenji bila kuulizwa. Ikipigwa, hata salamu inaitikiwa nusu.

Juzi nilikuwa nimebanwa kiti cha nyuma nikielekea Kisii mjini, na ubishi ulikuwa ule ule wa kila dirisha la usajili likikaribia. Tunataka straika. Hapana, tunataka beki wa kati mwenye kifua. Kuna jamaa ametemwa na timu moja ya Nairobi, yuko huru, tumchukue kabla wengine hawajaamka. Mzee mmoja aliyekuwa amepakata jogoo akanigeukia: "Na wewe kijana wangu unayeandika andika huko kwa intaneti, unasema aje?" Nikamjibu, "Mzee, mimi nauliza kwanza nani anaondoka." Gari nzima ikanicheka. Hata jogoo alitoa sauti.

Basi acha niseme hapa, maana kule sikupewa nafasi.

Kwa wale mnaojua mpira wa Uingereza peke yake, Shabana ilianza 1980. Ikashuka daraja 2006 na kurudi Ligi Kuu 2023, ikipanda pamoja na Murang'a SEAL. Miaka 17 nje. Mtoto aliyezaliwa mwaka tulioshuka alikuwa anakaribia kumaliza sekondari siku tuliporudi, na baba yake alikuwa amemlea kwa hadithi za timu ambayo huyo mtoto hajawahi kuiona ikicheza na wakubwa. Ndiyo maana Gusii Stadium ilifurika vile. Watu hawakuja kuangalia mechi tu, walikuja kuhakikisha kwamba wazee hawakuwa wanawadanganya.

Halafu msimu wenyewe ukaanza, na raha ikaisha haraka. Sehemu kubwa ya 2023/24 tuliisoma jedwali kutoka chini kwenda juu. Sammy Okoth, kocha aliyetupandisha, hakumaliza msimu. Akaja Sammy "Pamzo" Omollo, tukaponea, Nzoia Sugar na Muhoroni Youth wakateremka. Msimu uliofuata Pamzo naye akaondoka, Peter Okidi akashika usukani, na timu ikaanza kucheza mpira wa kueleweka. Hesabu: makocha watatu ndani ya misimu miwili. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Lakini kila kocha, popote duniani, huja na orodha yake ya majina. Akiondoka, orodha inabaki. Wale wachezaji wanabaki kwenye benchi la kocha mwingine ambaye hakuwaomba, na klabu inaendelea kuwalipa.

Hapo ndipo shida yetu ilipo kwa maoni yangu. Si kwamba tunasajili watu wabaya. Tunasajili tukiwa na hofu.

Kuna jamaa hapa mtaani amelewa na michezo ya Marekani, na huwa ananiambia kwamba kule kwenye ligi yao ya NFL timu iliyomaliza mkiani ndiyo inapewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wapya wanaotoka vyuoni. Wamefanya hivyo tangu 1936. Raundi saba, timu 32, na aliyeumia zaidi anaanza kuchota. Tena hakuna kushuka daraja. Ukiwa wa mwisho unapewa kijana bora nchini na kuambiwa jaribu tena mwakani.

Hebu fikiria hiyo Kenya. Ligi yetu ina timu 18. Wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, wa tatu kutoka chini anapelekwa kwenye mchujo kupigania roho yake. Anayechota kwanza ni mwenye nguvu. Ulinzi Stars ina jeshi nyuma yake. Tusker ina kampuni ya bia. KCB ina benki. Kijana wa Suneka akiitwa na timu ya namna hiyo na akiitwa pia na klabu ya mashabiki inayotegemea kiingilio cha mlangoni, mama yake atamwambia aende wapi? Mimi ningekuwa mama yake ningemfungia begi mwenyewe.

Kwa hivyo Shabana haiwezi kushindana na hao sokoni kwa pesa. Na ukijua huwezi kushinda kwa pesa, cha kushangaza ni kuendelea kuingia sokoni saa ambayo bei iko juu kabisa: Januari, timu ikiwa pabaya, mashabiki wakipiga kelele, kila wakala akijua una njaa.

Sasa nirudi kwa swali lililonichekesha matatu nzima.

Sheria za FIFA zinamruhusu mchezaji ambaye kandarasi yake imebakisha miezi sita au chini kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya baadaye. Hajavunja sheria, hajamkosea mtu. Ligi yetu huisha katikati ya mwaka. Piga hesabu: kandarasi inayoisha Juni, mwenyewe anaanza kuwa huru kuongea na wengine Januari. Yaani wiki zile zile sisi tumekazana kumkimbilia aliyetemwa Nairobi, winga wetu bora anaweza kuwa ameketi hotelini na watu wa klabu nyingine wakinywa chai, na Juni anaondoka bila klabu kupata hata senti. Tunaleta kupitia mlango wa mbele kwa kelele na picha za jezi. Mlango wa nyuma hauna hata kofuli.

Kuna mlango wa tatu, na huu ndio unaoniudhi zaidi. Klabu ikikosa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia notisi ya siku 15, na isipolipa, anavunja kandarasi na kuondoka akiwa na haki zake zote. Kwa hivyo mshahara uliochelewa si aibu tu, ni kumpa mtu barua ya kuhama. Na ukimwacha aondoke na deni, deni linakufuata. Gor Mahia na AFC Leopards, na ukubwa wao wote, zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya pesa walizodaiwa na wachezaji na makocha waliokwishaondoka. Mchezaji wa bure huwa hana bei siku ya kusaini. Bei yake inakuja baadaye, kila mwisho wa mwezi.

Najua mtu wa ofisi akisoma hapa atasema, wewe kijana ongea tu, pesa za kandarasi ndefu zitatoka wapi? Ni swali la haki. Mwaka 2020 ligi yetu ilipata mdhamini, BetKing, mkataba wa miaka mitano wa Sh1.2 bilioni. Kufikia 2021 mkataba ulikuwa umekufa. Sasa wewe kama mwenyekiti wa klabu, utamwandikia mtoto wa miaka 19 kandarasi ya miaka mitatu ukiegemea nini? Unaandika wa mwaka mmoja, unaomba Mungu. Naelewa. Lakini kandarasi za mwaka mmoja kwa kila mtu maana yake ni kwamba kila Juni unajenga timu upya, na kujenga upya kila mwaka ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili karo ikiniuma, kwa hivyo sijifanyi mwanauchumi. Lakini hata mama mboga wa Daraja Mbili hanunui meza mpya kila soko.

Wazo langu ni dogo. Chagua wachezaji watano au sita wa chini ya miaka 21, wape hao kandarasi ndefu hata kama mshahara ni wa wastani, na uwe unaulipa kwa wakati. Wengine waliobaki wawe wa muda mfupi. Na hao vijana usiwasubiri Gusii Stadium. Michezo ya mpira ya shule za sekondari huwa muhula wa pili. Tuma watu wawili wenye macho na daftari: Keroka, Ogembo, Nyamira, Marani, na hapa kwetu Mosocho ambapo kila jioni uwanja umejaa. Sisemi tucheze watoto kumi na moja dhidi ya Gor. Tulipokuwa tunazama 2024, kilichotuokoa hakikuwa watoto, na sitaki kujifanya nimesahau. Mkongwe aliyepitia vita ana kazi yake. Ila mkongwe ni wa kuziba pengo. Tatizo linaanza pale timu nzima inapokuwa ni viraka.

Na kuna pesa hapa ambayo watu wengi hawaijui. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla kandarasi yake haijaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila mwaka uliokaa naye kuanzia akiwa 16, unapata nusu ya asilimia moja. Tuseme kijana umemlea miaka miwili, baadaye auzwe ng'ambo kwa Sh10 milioni. Mgao wako ni Sh100,000. Si pesa ya kununua basi, lakini kwa timu ya kijiji hiyo ni mipira, viatu na nauli ya msimu. Akiondoka kama mchezaji huru, huo mgao haupo, kwa sababu hakuna bei ya kugawa. Unaona sasa kwa nini nauliza nani anaondoka?

Mike Okoth Origi aliwahi kuvaa jezi ya Shabana kabla ya kwenda Ubelgiji, ambako alikuwa kwenye kikosi cha Genk kilichotwaa ubingwa 1999. Mtoto wake Divock ndiye aliyefunga bao la pili la Liverpool fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2019 kule Madrid. Siku ile Kisii mjini kuna watu walisherehekea kana kwamba bao limefungwa Nyanchwa, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini Divock alilelewa Genk, kisha Lille. Liverpool ilipomnunua 2014, klabu yenye haki ya kudai mgao wa malezi yake ya utotoni ni ile yenye fomu zake. Sisi tulikuwa na hadithi ya baba yake. Hadithi haina namba ya usajili.

Fomu. Karatasi. Hilo ndilo neno ambalo halisikiki kwenye ubishi wa matatu, na mimi lilinifikia kwa njia mbaya.

Nina rafiki tuliyekua naye hapa Mosocho. Mguu wa kushoto, mbio, na krosi ambayo ungeweza kuwekea kikombe cha chai juu na isimwagike. Tukiwa na miaka 18 aliitwa majaribio na klabu moja ya ligi, siitaji. Mama yake aliuza ndizi kupata nauli na ile pesa waliyoambiwa ni ya "maandalizi". Vijana walikuwa wengi kuliko mipira. Siku ya kwanza hakugusa gozi. Siku ya pili aliingizwa dakika 20, akiwekwa beki wa kulia, yeye wa mguu wa kushoto. Akaambiwa, tutakupigia.

Miaka miwili alikataa kubadilisha laini ya simu.

Siku hizi ana boda, anafanya vizuri, na Jumapili Shabana ikiwa nyumbani anabeba abiria wawili hadi uwanjani kisha anaingia naye. Wiki jana, nikiandika haya, nilimuuliza kama katika miaka yake yote ya mpira, shuleni, timu ya kijiji, yale majaribio, kuna klabu yoyote iliyowahi kumsajili rasmi. Alifikiria kidogo. Akasema alijaza fomu mara moja, kwa kalamu ya kuazima, chini ya mti. Hajui ilienda wapi.