MAZUNGUMZO YA JAMAA: Baba aliyejihesabia pigo



Wakaaji wa Lubumbashi wanaujua mtaa uitwao Golf. Wengi hulitaja jina hilo kila siku, wala hawaulizi limetoka wapi. Limetoka katika mchezo wa Wazungu, ambao wazee wetu wengi waliujua kwa bega tu, maana kazi yao ilikuwa kubeba mfuko wa fimbo nyuma ya mwenye kucheza. Mchezaji hupiga mpira mdogo mweupe kwa fimbo, auvushe majani, mchanga na maji, hata uingie katika kishimo ambacho upana wake haufiki sentimeta 11. Vishimo ni 18. Mwenye kutumia mapigo machache ndiye mshindi.

Tena mchezo huo una jambo moja la kustaajabisha. Katika mpira wa miguu mwamuzi hukimbia na filimbi yake, naye mchezaji akiweza kumdanganya, wenzake humpigia makofi. Katika gofu mchezaji huwa peke yake vichakani, mbali na macho ya watu, na yeye mwenyewe hutaja mapigo yake. Ndiyo sababu leo nataka kuwakumbusha mtu mmoja wa Marekani, Bwana Robert Tyre Jones, ambaye dunia yote ilimwita Bobby. Wengine humkumbuka kwa vikombe vyake. Mimi namtaja kama baba wa nyumba, na zaidi kwa ajili ya mkewe.

Alizaliwa Atlanta, katika jimbo la Georgia, tarehe 17 Machi 1902. Alikuwa mtoto mgonjwa-mgonjwa. Wazazi wake walikaa karibu na kiwanja cha gofu cha East Lake, basi mtoto akajifunza kwa kuwatazama wakubwa. Babu yake, ambaye alirithi jina lake, alikuwa Mprotestanti mkali, na michezo aliiona kuwa kupoteza wakati. Bobby alipokuwa na miaka 14 tu, alikwenda kushindana na watu wazima katika mashindano makubwa ya Marekani. Kupiga mpira alijua. Kujitawala hakujua. Alipokosea alitupa fimbo zake chini kwa hasira mbele ya watu. Mwaka 1921, huko St Andrews katika Uskoti, mpira wake ulizama katika shimo la mchanga. Alipopiga mara nyingi bila kuutoa, alirarua karatasi yake ya hesabu, akajitoa katika shindano. Baadaye aliona haya kwa tendo hilo maisha yake yote. Wazazi wenye kijana wa namna hiyo nyumbani, msikate tamaa upesi.

Tarehe 17 Juni 1924 alimwoa Mary Malone, binti wa jamaa Katoliki ya Atlanta. Yeye Bobby hakuwa Mkatoliki. Katika parokia zetu tunazo ndoa za namna hiyo, nasi twajua uzito wake: Dominika mmoja huenda Misa, mwingine hubaki barazani; watoto huuliza maswali, na mama hujibu peke yake. Mungu aliwapa watoto watatu.

Mwaka uliofuata ndoa yao lilitokea jambo ambalo wachezaji hawajalisahau hata leo. Ilikuwa Worcester, katika jimbo la Massachusetts, kwenye mashindano ya 1925. Mpira wake ulikuwa umelala katika majani marefu. Alipoweka fimbo nyuma yake tayari kupiga, mpira ukasogea kidogo. Hakuna aliyeuona ila yeye. Sheria yasema: pigo moja la adhabu. Bobby aliwaita waamuzi, akawaambia. Wakauliza watu waliosimama karibu. Hakuna aliyeona kitu. Yeye akashikilia neno lake, pigo likaandikwa. Mwisho wa siku za mashindano akajikuta sawasawa na Bwana Willie Macfarlane. Wakarudiana, wakawa sawa tena. Wakarudiana mara ya pili, naye akashindwa kwa pigo moja. Basi fanyeni hesabu: bila lile pigo alilojihesabia, kikombe kilikuwa chake tangu mwanzo, bila kurudiana. Watu walipomsifu alikasirika. Aliwajibu kwamba ni sawa na kumsifu mtu kwa sababu hakuvunja benki.

Huyu ndiye yule kijana wa kutupa fimbo. Nani alimgeuza? Vitabu vinaeleza habari za walimu na rafiki. Mimi, kwa kuwa nimekaa miaka mingi na watu wa ndoa, nadhani nyumba yake nayo ilifanya kazi, lakini hayo ni mawazo yangu tu.

Ushindi wake sitauandika wote. Mwaka 1930 peke yake alitwaa mataji manne makubwa ya Uingereza na Marekani, jambo ambalo kabla yake hakulifanya mtu. Tena hakuchezea mshahara. Kazi yake ilikuwa uwakili, naye alicheza kwa mapenzi tu, bila kupokea zawadi ya fedha. Hata rafiki zake wa Atlanta walipomchangia dola 50,000 ajenge nyumba, na wakuu wa mchezo wakaonyesha mashaka, alizirudisha zote. Tafakarini, baba wenye watoto wadogo na nyumba ya kupanga: nani kati yetu angezirudisha?

Kisha akaacha. Mwezi wa Novemba wa mwaka uleule wa 1930, akiwa na miaka 28, alitangaza kwamba hatashindana tena. Mashindano yalimchosha mno. Katika juma moja aliweza kupungua kilo saba au nane. Tena alikuwa na kazi yake na watoto wake. Wengi walishangaa. Nafikiri Mary hakushangaa.

Kucheza na rafiki hakuacha. Huko Augusta, katika Georgia, alianzisha pamoja na wenzake kiwanja chenye sifa kubwa, na mashindano yake yalianza 1934. Jenerali Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani toka 1953 hata 1961, alikuwa mgeni wa mara kwa mara: mchana gofu, usiku meza ya karata za briji pamoja na rafiki zake. Rais huyo alimchora Bobby picha ya rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa lazima niseme neno jingine, kwa kuwa wasomaji wetu ni Waafrika, na kulificha kungekuwa kuwadanganya. Katika kiwanja kile weusi walibeba mifuko. Mchezaji mweusi wa kwanza kushindana pale, Bwana Lee Elder, aliingia mwaka 1975. Mwanachama mweusi wa kwanza alipokewa 1990. Bobby alikuwa amekwisha kufa. Mtu aliyeuona mpira wake ukisogea kidogo katika majani marefu, pigo hili hakuliandika katika karatasi yake. Namheshimu, lakini siwezi kuliandika mahali pake.

Mwaka 1948 msalaba ukaingia nyumbani. Alianza kuumwa shingo na kuhisi mikono na miguu ikikosa nguvu. Mwezi wa Agosti alicheza mara ya mwisho kwenye kiwanja kilekile cha utoto wake. Waganga walimpasua mwaka ule, wakampasua tena 1950, bila faida. Ulikuwa ugonjwa wa uti wa mgongo, ambao waganga huuita siringomielia: ndani ya uti hufanyika tundu lenye maji, nayo mishipa ya fahamu hufa polepole. Akatembea kwa fimbo moja, kisha kwa vyuma miguuni, mwisho akakaa katika kiti cha magurudumu. Mikono iliyokuwa ikituma mpira mita 200 na zaidi ikashindwa kushika kalamu vizuri. Miaka 23 ilipita hivyo.

Mwaka 1958 alirudi St Andrews, mji ule aliouachia aibu ya kijana. Wenyeji walimpa heshima ya kuwa raia wa mji wao. Kabla yake Mmarekani aliyeipata ni Benjamin Franklin tu, mwaka 1759. Aliposema nao, ukumbi mzima ulilia. Alipokuwa akitoka, watu walimwimbia wimbo wa Waskoti wa kuagana na mpenzi ambaye pengine hatarudi. Hakurudi.

Na Mary? Katika magazeti yote ya vikombe mtampata katika mistari miwili mitatu. Lakini miaka 47 ya ndoa alikuwa karibu, na katika miaka ya ugonjwa alikuwa mkono na mguu wa mumewe. Imani yake hakuiacha. Hakuna kitabu kinachotueleza alisali mara ngapi kwa ajili ya mume yule. Wake Wakatoliki wenye waume wasiobatizwa wanaweza kuhesabu wenyewe.

Katika Desemba 1971, zikiwa zimebaki siku chache, Bobby aliomba kupokewa katika Eklezya. Padri wa Kanisa Kuu la Kristu Mfalme, la Atlanta, alikuja akambatiza kitandani. Husimuliwa kwamba, alipoiona furaha ya mkewe, Bobby alisema: kama angalijua kwamba jambo hili lingempendeza Mary kiasi hicho, angalilifanya zamani. Mama mmoja wa parokia yetu, nilipomsimulia neno hilo, alicheka kwanza, kisha akafuta machozi kwa kitenge chake. «Waume!» akasema. «Miaka yote hiyo, wala hakuuliza.»

Alikufa tarehe 18 Desemba 1971, mwenye miaka 69. Walimzika katika makaburi ya Oakland, mjini kwao. Mary alimfuata mwaka 1975, naye amelala karibu naye. Wapitao huacha mipira midogo myeupe juu ya kaburi.